Likasi: kijana mmisionari, kaye ya majina na swali la mtoto

Ni saa kumi za jioni katika komuni ya Kikula, mjini Likasi. Vijana wawili wenye mashati meupe, tai shingoni na kibao cheusi cha jina kifuani, wanasimama kwenye kiingilio cha lupango na kupiga hodi. Mama mmoja anayechambua sombe anainua kichwa na kuita mtoto, na mtoto analeta viti viwili vya plastiki kabla wageni hawajasema wanataka nini. Wanakaribishwa. Wanapewa maji. Wanaombwa wasali, nao wanasali. Mama anasema asante sana, Mungu awabariki, kisha anarudi kwenye sombe yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku kwa miezi minne ya kwanza. Anayefikiri kwamba shida ya mmisionari ni milango kufungwa, bado hajafika Likasi. Hapa mlango unafunguliwa kila mara. Shida ni kwamba ndani ya nyumba Yesu amekwisha kufika: huyu ni Mkatoliki, jirani yake ni Mmethodisti, mwenye duka ni wa Garenganze, na pembeni ya avenyu kanisa la uamsho linapiga vipaza sauti toka Ijumaa usiku. Kijana anayekuja kusema habari za Yesu Kristo katika mji kama huu ni kama mtu anayepeleka samaki ziwani.

Mmoja kati ya vijana hao wawili ana miaka 20 na anatoka Mwene-Ditu, katika jimbo la Lomami. Kanisa lake ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi wanasema tu Wamormoni, kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, ijapokuwa tangu 2018 viongozi wa kanisa hilo wanaomba litajwe kwa jina lake kamili. Lilianzishwa Marekani mwaka 1830, na likakubaliwa na serikali ya nchi yetu, wakati huo Zaire, mwaka 1986. Lina hekalu mjini Kinshasa tangu Aprili 2019, na lingine lilitangazwa mwaka 2020 kwa ajili ya Lubumbashi.

Sheria za kazi yake ni za kukaza. Wavulana wanaweza kuanza wakiwa na miaka 18, na wanatumika miezi 24 pasipo mshahara. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanasoma Maandiko, kisha wanatoka wawili wawili, na mmoja haruhusiwi kumwacha mwenzake. Hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, hawanywi chai wala kahawa. Munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, ulikuwa na kesi yake: wa leo ni mtamu kama uji, wa juzi unalevya. Kijana alijifunza kuuliza kwa upole ulipikwa siku gani. Mara moja kwa juma, siku ya Jumatatu ambayo ni ya kufua na kupumzika, wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani. Mbele ya 2019 simu hiyo ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka mzima.

Kila mmisionari wa kiume anaitwa Elder, maana yake mzee. Hilo peke yake lilikuwa hubiri gumu.

"Mzee wapi? Ndevu zenyewe hazijaota," papa mmoja alisema siku ya kwanza, na lupango lote likacheka. Kijana akacheka pia. Kucheka pamoja na wenyeji ndilo jambo la kwanza alilojua kufanya vizuri Likasi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu. Alipopata barua ya wito ikisema atatumika katika misheni ya Lubumbashi, mama yake alifurahi, ila kaku yake, mama mzaa baba, alinyamaza. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Watu wengi sana walilala kwenye stesheni za treni majuma na majuma, juani na mvuani, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ya wazazi ambayo wengi wao hawakuzaliwa humo. Babu ya kijana huyo alikuwa mfanyakazi wa shaba Likasi. Alifika Mwene-Ditu akiwa mgonjwa, na hakupona. Nyumbani hawasemi habari zake.

"Kule walitufukuza," kaku alimwambia siku ya kuagana, "na wewe unaenda kuwapigia hodi."

Baada ya miezi sita Lubumbashi, alipohamishiwa Likasi, mwendo wa kilometa kama 120, hakumwambia kaku jina la mji. Kila Jumatatu alisema tu: "Niko upande wa Lubumbashi."

Miezi minne ikapita, na hakuna mtu hata mmoja aliyeendelea na masomo yao. Yeye na mwenzake, kijana wa Kinshasa ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kimejaa Lingala, walikaa chini na kujiuliza: kama hodi haitoshi, tufanye nini kingine?

Walianza na Kiingereza. Jumatano na Ijumaa jioni walifundisha bure katika chumba cha kanisa. Vijana wakajaa, kwa maana Kiingereza kinasaidia kupata kazi kwenye machimbo na kwenye njia ya Zambia. Lakini walijua kabisa sala ya kufunga inafika saa ngapi, na dakika tano mbele yake nusu ya darasa ilikuwa barabarani. Kijana wa Mwene-Ditu alikasirika. Mwenzake akamuuliza: "Kama wangelipa pesa, ungekasirika?" Hakuwa na jibu. Wakahamisha sala, wakaiweka mwanzoni, na wakatangaza wazi kwamba anayetaka kuingia baada ya sala anakaribishwa vile vile. Darasa halikupungua, na watatu wakaanza kufika mapema.

Wakajaribu kubeba maji. Walivua tai, wakajitwisha bidoni za lita 20 pamoja na akina mama waliotoka bombani, na maji yakawamwagikia migongoni. Akina mama walicheka mpaka machozi, maana wanaume wa kubeba maji kichwani hawaonekani kila siku. Siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za kanisa, lakini tangu hapo watoto wakawaita "ba-Elder ba maji".

Mwalimu mmoja mstaafu aliwakaribisha chini ya mwembe wake, na hakutaka hadithi. Aliuliza maswali mawili: ni kweli munaoa bibi wengi, na ni kweli kanisa lenu lilikuwa halitaki watu weusi? Kijana angeweza kuzunguka. Alijibu kwamba ndoa ya wake wengi ilikuwako katika kanisa hilo katika karne ya 19, ikasimamishwa mwaka 1890, na leo anayeoa wa pili anaondolewa kanisani. Kwa swali la pili alisema kwamba watu weusi walibatizwa, lakini mpaka Juni 1978 mwanaume mweusi hakuweza kupewa ukuhani. Mwalimu akauliza kwa nini. Kijana akasema kwamba maelezo yaliyotolewa zamani, kanisa lenyewe leo linayakana, na yeye hana jibu linalomtosha. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akawaambia warudi juma lijalo. Hajabatizwa hadi leo, ila viti vyao viko chini ya mwembe.

Pembeni ya mji kuna lupango la papa mmoja fundi wa kushona nguo. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mabaki ya mabati na mahema, wanaishi familia nne za wahami zilizotoka upande wa Mitwaba. Ni huko kijana alipojaribu njia ya mawe. Alichora duara tatu katika vumbi kwa kijiti, akaokota vijiwe vya kijani vya shaba ambavyo watoto wa Likasi wanachezea, na kuvisogeza kutoka duara hadi duara: hapa tulikuwa kwa Mungu mbele ya kuzaliwa, hapa ndipo tuliko sasa, hapa ndiko wanakokwenda wenye kufa, wakingojea ufufuo. Watoto walipenda sana. Kesho yake walikuwa wamechora duara zao wenyewe, kubwa kuliko zile za Elder.

Mvulana mmoja wa miaka kama minane, anayelelewa na bibi yake, aliweka kijiwe katika duara la tatu.

"Papa yangu iko hapa?"

"Ndiyo, naamini hivyo," kijana akajibu.

"Huko wanajua jina yake?"

"Mungu anajua jina la kila mtu. Papa yako aliitwa nani?"

Mtoto akafikiri. "Papa," akasema.

Hakuwa na jina lingine. Baba alikufa vitani mtoto akiwa mdogo, mama hakurudi, na karatasi zote zilibaki katika nyumba iliyochomwa. Usiku ule kijana hakulala vizuri.

Katika kanisa lake, jambo la majina ya wazazi wa zamani lina uzito. Wanafundisha kwamba jamaa wanaweza kuunganishwa milele, na waamini wanatiwa moyo kuandika ukoo wao. Kanisa linacho kijitabu cha kujaza, kinachoitwa Familia Yangu, chenye nafasi za wazazi, mababu na hadithi zao. Kijana akaona hiyo ndiyo njia aliyokuwa anatafuta. Familia zilizopoteza kila kitu zinaweza angalau kupata majina yao kwenye karatasi, na katika kuyaandika, mazungumzo ya imani yatakuja yenyewe. Alinunua kaye moja nene ya shule. Jumamosi iliyofuata yeye na mwenzake walikaa kwenye lupango la papa fundi na kuanza: jina lako, la baba, la mama, la babu. Waliandika familia mbili, wakafunga kaye, wakaitia katika mfuko na kwenda nayo nyumbani.

Familia zilizowahi kukimbia zinajua kilichofuata. Mtu mwenye shati jeupe anayeandika majina ya wahami ni mtu wa shirika. Majina yanaandikwa kwa ajili ya jetoni, jetoni ni kwa ajili ya unga, mafuta na mahema. Asiyeandikwa leo hatakula kesho. Habari ikaenda kata yote.

Jumamosi ya pili watu zaidi ya 40 walikuwa wamekaa kwenye lupango tangu alfajiri, wenye kadi za uchaguzi mkononi. Mama mmoja alikuwa ametembea saa mbili na mtoto mwenye homa mgongoni. Vijana walipojaribu kueleza kwamba hakuna chakula, sauti zikapanda. Mwingine akasema wale wawili wa juma lililopita waliandikwa kwa sababu ni jamaa za mwenye lupango. Mwingine akasema majina yanauzwa. Mzee mmoja akasema jambo baya zaidi kwa sauti ndogo: kule walikotoka, mara ya mwisho kuandikwa majina, walioandika walikuwa wenye silaha, na orodha ile ilirudi usiku. Kisha mtu akasikia matamshi ya kijana na kuuliza: "Wewe si mtu wa Kasai? Unatafuta nini na majina yetu?"

Mwenzake akamshika mkono, na wakatoka.

Jioni ile waliitwa na shefu wa kata. Aliiweka kaye juu ya meza, akaifungua, akaifunga. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali matatu: nani amewatuma, mutawapa nini, na mutachukua nini kwao?

Mawili ya kwanza yalikuwa mepesi. Kwa la tatu kijana alisema: "Hatuchukui kitu."

"Hii kaye ililala wapi juma hili?" shefu akauliza.

Ililala kwao, katika mfuko wake. Majina ya watu waliokimbia kwa miguu, na ya wafu wao, yalilala juma zima nyumbani kwa mtu wasiyemjua, na wenyewe hawakuwa na nakala.

Shefu alikuwa amesikia jambo jingine pia. "Wanasema ninyi munabatiza wafu. Munataka wafu wao?"

Kijana alieleza kama alivyoweza. Ni kweli, katika hekalu Watakatifu wa Siku za Mwisho wanabatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa, na wanaamini aliyekufa anabaki huru kukubali au kukataa. Lakini kanisa linaagiza mtu afanye hivyo kwa mababu zake mwenyewe tu, si kwa wafu wa jirani. Hakuwa na haki ya kupeleka jina hata moja la kaye ile mahali popote.

"Uliwaambia hivyo mbele ya kuandika?"

"Hapana."

"Basi uliwatega," shefu akasema. "Pengine si kwa ubaya. Lakini hata mtego wa ndege hautegwi kwa chuki, unategwa kwa njaa."

Neno hilo lilimfuata kijana nyumbani. Alikuwa na njaa kweli: njaa ya kupata mtu mmoja tu wa kumfundisha, ya kuandika kitu katika ripoti ya juma. Alikuwa ametafuta njia ya akili ya kuingia nyumbani kwa watu, na akasahau kuwaambia anaingia kufanya nini. Akamkumbuka pia kaku, na lile neno lake la kila Jumatatu: niko upande wa Lubumbashi.

Wakubwa wake wa misheni walimwambia aache kazi ile ya kaye, au airudie kwa haki. Alichagua kuirudia. Jumamosi ya tatu shefu mwenyewe alikuja na kusimama mbele ya watu. Kijana akasema kwa sauti, na mwenzake akarudia, ili asikike mpaka nyuma: sisi si shirika. Hatuna unga, hatuna pesa, hatuna jetoni. Sisi ni wahubiri wa kanisa, na tungefurahi kuwaambia tunachoamini, lakini kwa hili hamulazimiki kusikiliza hubiri wala kuja kanisani. Juma lililopita na lile la mbele tulikosa, na tunaomba musamaha. Leo tumeleta kaye ndogo, moja kwa kila familia, na kalamu. Anayetaka kuandika majina ya watu wake, tutamwandikia. Kaye inabaki kwake. Sisi tutatoka hapa mikono mitupu.

Ile kaye nene iliraruliwa mbele ya wote, na kurasa zilizoandikwa zikarudishwa kwa familia zile mbili.

Watu walianza kuondoka. Wengine walitukana kidogo, wengi waliinuka tu, wakapangusa vumbi na kwenda kutafuta cha kula, kwa maana kaye hailiwi. Yule mama wa homa alipelekwa kituo cha afya na mwenzake kijana pamoja na mke wa papa fundi. Walipobaki watu saba, nkambo wa yule mvulana akavuta kiti chake karibu.

"Mimi ni Mmethodisti," akasema kwanza. "Nitakufa Mmethodisti."

"Ndiyo, nkambo."

"Basi andika."

Iliwachukua jioni nzima. Nkambo hakujua kusoma, lakini alikuwa na ukoo wote kichwani, kwa mstari, kama mtu anayehesabu miti ya njiani. Alitaja wazazi, mababu, kijiji, mto. Alitaja watoto wake saba na nani alikufa wapi. Alipofika kwa mtoto wake wa nne, baba ya mvulana, alimwita mjukuu asimame karibu, akataja majina matatu ya mwanawe, polepole, akamfanya mtoto ayarudie. Mtoto akarudia. Akarudia tena bila kuambiwa.

Kisha nkambo akasema kuna mwingine. Katika kukimbia, binti yake alizaa porini, mtoto akaishi siku mbili. Hawakuwahi kumpa jina. Je, asiye na jina anaweza kuandikwa?

Kijana alitazama ukurasa. Kaye ya shule haina sheria. Akaandika: mtoto wa kike, aliishi siku mbili, njiani. Akamsomea. Nkambo akaitikia kwa kichwa, akajifunika uso kwa kitambaa kwa muda, na hakuna aliyesema neno.

Alipojifunua alimuuliza kijana: "Na mababu zako wewe, umeandika?"

Akasema ameandika upande wa mama. Upande wa baba kuna nafasi tupu, kwa sababu babu alifukuzwa katika mji huu huu mwaka 1992, na nyumbani hakuna anayetaka kumsema. Ilikuwa mara ya kwanza kutamka jambo hilo Likasi.

Papa fundi, aliyekuwa anashona kando ya mlango, akasimamisha mashini. Wakati ule, akasema, alikuwa kijana mwenye bibi mmoja na mtoto mmoja. Jirani yake, mtu wa Kasai, alikuwa anauza kila kitu kwa haraka kwa sababu kwenye treni hawakuweza kupanda na mizigo yote. Alimuuzia mashini hii ya kushona kwa bei ya mfuko wa unga. "Nilijua thamani yake," papa fundi akasema. "Na yeye alijua kwamba nilijua." Watoto sita wamesoma kwa mashini ile.

Akasogeza kaye yake ndogo, ambayo mpaka hapo ilikuwa tupu, na kumwomba kijana aandike jina la jirani yule juu kabisa, mbele ya babu zake mwenyewe. Halikuwa jina la babu ya kijana. Lilikuwa la mtu mwingine, ambaye hakuna anayejua alifika wapi.

Jumatatu iliyofuata kijana alipiga simu Mwene-Ditu. Aliomba apewe kaku. Alisema: "Kaku, niko Likasi. Toka miezi kadhaa. Nilikuficha." Simu ikanyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika. Kisha sauti ya kaku ikauliza: "Kata gani?" Akamwambia. Kaku akauliza kama karibu na hapo bado kuna miti mikubwa kando ya barabara. Salio lilikwisha mbele hawajamaliza, na yeye ndiye aliyepiga tena, kwa pesa zake.

Hesabu ya kazi hiyo, kwa macho ya ripoti, ni ndogo. Katika lupango lile hakuna mtu aliyebatizwa. Nkambo anakwenda kwa Wamethodisti kila Jumapili. Vijana wawili wa wahami walifika kwenye darasa la Kiingereza, na mmoja wao anakuja mapema, kwa ajili ya sala. Familia 11 zina kaye. Baadhi ya akina mama wameomba waandikiwe pia namba za shamba walizoacha, majina ya majirani walioshuhudia mipaka, na tarehe za kuzaliwa za watoto, kwa maana shule zinauliza. Kazi hiyo sasa inafanywa na wale vijana wawili wa wahami wenyewe, pasipo mmisionari.

Kijana amehamishiwa Kolwezi. Anasema hata huko anachora duara katika vumbi na kubeba maji akiona bidoni, na bado anatafuta njia mpya, kwa sababu anaamini alichonacho ni kizuri na mtu hafichi kizuri. Ila ameongeza kipimo kimoja, alichokipata kwa shefu wa kata. Mbele ya kujaribu njia yoyote anajiuliza: huyu mtu akisema hapana kwa kanisa langu, je, atabaki na kitu mkononi, au atabaki ameibiwa? Kama atabaki na kitu, anaendelea.

Mvua za mwisho zilipopiga Likasi, hema moja nyuma ya nyumba ya papa fundi lilipasuka usiku. Majirani wanasema nkambo hakushika kwanza sufuria wala blanketi. Alinyoosha mkono kwenye mti wa paa, akateremsha mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani yake kulikuwa na kadi yake ya uchaguzi na ile kaye. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kutoka nje, mvuani, akimuuliza kama majina yamelowa.

"Hayajalowa," nkambo akamjibu. "Ingia kwa papa fundi."